Ingénieur wa Komanda na Pompe ya Emerance

Komanda, tarehe 5 mwezi wa tatu 2024

Kwa mupwa wangu Emerance, ku labo ya maji, Bunia

Mbele ya yote ujue hii: kama Ituri nzima, toka Fataki mpaka Irumu, ingali inapata maji ya kunywa, ni juu yangu. Watu hawasemi, kwani watu hawana aksanti. Lakini pompe yote unayosikia inalia mu hii province, ama niliitengeneza, ama nilipita karibu yake ikajitengeneza yenyewe kwa woga.

Sasa leo asubui Guelord wa moto anasimamisha pikipiki yake mbele ya mulango yangu, ata casque ya kichwa hajatoa, anasema: "Papa Anaclet, mutoto ya dada yako anauliza: ile mardi ya mvua, Jumanne ya juma ilipita, ulipobaki weye peke yako mu labo yake nusu saa, uligusa nini ku mashini?" Mbele ya watu! Bibi yangu wa ndoa Angèle alikuwa pale anachambua maharage. Jirani alikuwa pale, na masikio yake yote mbili. Na weye mwenyewe umenibloquer ku telefone tangu juma ilipita, nikipiga inasema mutu hapatikane. Mutu iko anapatikana! Iko Bunia, iko na blouse nyeupe, iko anatuma motard kumuhoji noko yake sawa mwizi ya kuku.

Bon. Umeuliza, nakujibu. Sikugusa. Miye sigusagi, miye natibu.

Uliniweka ku kiti, ukasema "Noko, usiguse kitu," ukaenda ku portail, mulango ya inje, kupokea chupa za maji. Sawa. Nikaangalia ile pompe yako ndogo ya mezani, ile yenye vigurudumu vitatu vinazunguka na kukamua tuyau, ile mupira ya maji, sawa vile mutu anakamua ziwa ya ngombe. Nikaona iko mugonjwa. Mashini inaonyeshaga kwa macho. Tuyau ilikuwa imechoka, imekuwa sawa muguu ya jogoo muzee. Nikatoa mu mufuko yangu tuyau ingine, ya quality, ile ya camion, ya lori, nikabadilisha. Dakika tatu. Nikarudia ku kiti, nikakunja mikono, ukarudi, haukuona kitu. Ile njo kazi ya fundi: haionekane.

Kama leo inatoa maji kidogo, haiko kosa ya pompe. Pikipiki ya muzuri ukimupa mulevi, itaingia tu mu mutaro.

Mwaka 2009, ku Mongbwalu, motopompe ya wachimba dhahabu ilikataa siku saba. Wakaniita. Niliweka mukono juu yake, nikaisemesha Kifaransa. Ilivuta maji mpaka muto ikabaki kavu, samaki wakaanza kutembea na miguu wakitafuta njia ya Bunia. Uliza mutu yeyote.

Usinitumie tena motard. Andika, kama mutu aliyesoma.

Noko yako,
Anaclet, Ingénieur wa Mapompe


Bunia, tarehe 6 mwezi wa tatu 2024

Noko Anaclet,

Umeomba niandike. Vizuri, maana hata Madame Pétronille, mkuu wetu wa labo, anataka karatasi, hataki vocal. Hapa kila mtu aliyegusa chombo anaandika na kusaini: niligusa hiki, siku fulani, namna hii. Karatasi inaingia kwenye dossier ya mashine. Sauti ya mtu haiingii kwenye dossier.

Soma polepole, na ukifika kwenye neno gumu, ruka. Ile pompe inasukuma dawa kuingia kwenye maji tunayopima. Inatakiwa itoe mililita kumi kwa dakika. Si tisa, si kumi na moja. Tangu siku ya mvua inatoa sita. Nikipima tena, saba. Tena, sita. Na nikiizima, maji yaliyokwisha kupanda kwenye tuyau yanashuka polepole kurudi yalikotoka, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kuishika. Dawa ikipungua, namba zote ninazoandika ni uongo, na uongo wa kuandika wewe unaujua kuliko mimi.

Vendredi, Ijumaa tarehe 15, wanakuja wakaguzi na chupa zao. Wao wanajua ndani mna nini, mimi sijui. Nitapima, nitaandika namba. Zikifanana na zao, nabaki kwenye meza hii. Zikitofautiana, meza anapewa mwingine, na mimi narudi kuosha vioo, pale nilipoanzia miaka mitano iliyopita. Hilo ndilo lililoko. Hakuna lingine.

Sasa tuyau yako ya camion. Nimeitoa tuyau yote. Ni ileile niliyoiweka kwa mikono yangu mwezi uliopita, maandishi ya kiwanda bado yanasomeka ubavuni. Hata hivyo, kwa kuwa wewe ni kaka wa mama yangu na nilitaka kukuamini, nimeitupa. Nimekata mpya, nikaiacha izunguke saa nzima ilegee kabla ya kuipima, kama inavyotakiwa. Sita. Tuyau nzuri imeenda kwenye takataka kwa ajili ya mdomo wako, na kabatini kimebaki kipande kimoja.

Wasalimie samaki wa Mongbwalu. Swali langu ni moja: uligusa nini?

Na ndiyo, nimekubloquer. Jioni ya kesho yake ulituma vocal arobaini na tatu, Noko. Moja ilikuwa ya dakika tisa, na ndani yake ulikuwa unakoroma.

Emerance


Komanda, tarehe 7 mwezi wa tatu 2024

Mupwa wangu mwenye kichwa ngumu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti ku parking ya camions, pale barabara zinaachana, juu watu wa pale wanapendaga kujua labo ya Bunia inaniandikia nini. Niliruka tu mistari kidogo, kwani jua ilikuwa kali. Wakapiga mikono. Chauffeur moja ya Irumu akasema: "Kumbe Papa Anaclet, ata kule juu hawawezi bila weye?" Nikasema: "Unaona mwenyewe."

Sasa tuyau. Ile nilisema ku kukujaribu, nione kama una akili ya kuchunguza. Umechunguza. Bon point.

Ukweli ya kweli njo hii: nilipiga vile vigurudumu lime, ile tupa ya kusagia chuma. Pompe yako ilikuwa inalia kri-kri-kri, kelele ya mutu anayesaga meno. Miye nabebaga lime yangu mu soksi tangu 1998. Nikatoa gurudumu moja moja, nikapunguza kidogo, unene ya ukucha, nikapangusa na shati, nikarudisha. Donc leo vigurudumu ni vyembamba, havikamate tuyau muzuri, njo maana maji inarudia chini. Unaona gisi nimeujua ugonjwa toka kilometa sabini na tano, bila blouse, bila miwani?

Dawa yake: pakala tuyau mafuta ya ngombe, mingi, itelezeke muzuri. Mara moja hélicoptère ilishuka hapa Komanda tu ku kuniomba hiyo mafuta. Niliwapa kijiko moja. Mpaka leo iko angani, haijashuka.

Na kama nipo naandika, niseme kitu ingine. Siku mama yako anakuzaa, nani alienda kutafuta taxi? Miye. Mu Bunia nzima hakukuwa taxi. Nikamubeba dada yangu ku mabega, kilometa kumi na mbili, mvua na risasi. Ulizaliwa macho wazi, unaniangalia miye, haukulia. Leo weye njo unaniambia neno ngumu niruke?

Miye neno ngumu sirukagi. Napigana nayo.

Anaclet, Ingénieur, Conseiller ya labo


Bunia, tarehe 8 mwezi wa tatu 2024

Bwana Anaclet,

Leo ni huit mars, sikukuu ya wanawake. Wenzangu wote, hata Gentille wa usafi, wamevaa pagne ya aina moja na wako mjini wanadéfiler, wanatembea gwaride. Nasikia fanfare, bendi yao, kutoka hapa. Pagne yangu imeshonwa, imetundikwa nyuma ya mlango. Mimi niko na tournevis, bisibisi, nafungua kichwa cha pompe, kwa sababu kaka wa mama yangu anasema alikipiga lime.

Nimetoa vigurudumu vyote vitatu. Nimevipima kwa pied à coulisse, kile chuma cha kupimia unene, nimekiazima garage ya jirani. Vyote vitatu vinalingana mpaka unywele wa mwisho. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Lime haijawahi kupita pale, labda ilibaki kwenye soksi.

Vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa kama mifupa ya samaki wakati Madame Pétronille alipoingia. Alikuwa amesahau miwani yake. Akasimama.

"Emerance. Nani amekuruhusu kufungua kichwa?"

"Madame, kuna mtu amesema amevipunguza."

"Mtu gani?"

"Fundi."

"Fundi yupi? Sisi tuna fundi?"

Nikaanza kurudisha vigurudumu. Nilikuingiza humu bila ruhusa, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na ulikuwa unatetemeka na viatu vyako mkononi. Nimepewa onyo la kuandikwa. Ni la kwanza tangu nianze kazi.

Nimeangalia kila kitu. Upande wa kunyonya hauvuti hewa, hakuna povu hata moja. Tuyau haitembei, vibano viwili vimeishika. Inazunguka upande wake. Nimejaribu courant, umeme wa mji, nimejaribu na wa groupe, jenereta yetu. Bouton ya kukaza vigurudumu iko kwenye trois, namba tatu, mahali Madame alipoamuru ikae na asiiguse mtu bila sahihi yake, na haijasogea. Kila kitu kiko sawa, na pompe haiko sawa. Maana yake kuna jambo nisilolijua, na anayelijua ni mtu mmoja tu, yuko Komanda, anapigiwa makofi.

Mafuta ya ng'ombe yangefanya tuyau iteleze itambae mpaka ivutwe ndani na kukatika. Jipake kichwani.

Kuhusu kuzaliwa kwangu: nimempigia mama. Anasema alienda maternité kwa miguu yake mwenyewe, na wewe ulitokea siku ya tatu, ukanywa supu aliyopikiwa.

Sitaandika tena "Noko". Noko ni mtu ambaye ukimuuliza kitu cha maana anakujibu.

Emerance


Komanda, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Emerance,

Bwana! Umeniita Bwana! Bwana ni mutu wa kodi. Bwana ni mutu unamukanyaga muguu ku soko unasema pardon. Nimetoka ku misa sasa hivi, nilipokea komunyo, na ile neno ingali mu koo yangu sawa mufupa.

Sikia muzuri. Siku moja kijana atakuja kukuomba ndoa, na mbuzi ya noko. Atamukabidhi nani? Gentille wa usafi? Miye nitakataa. Nitaangalia ile mbuzi mu macho, nitasema: mbuzi, rudia kwenu. Na ndoa isiyo na baraka ya noko unajua gisi inaendaga: inatoa sita, haitoe kumi.

Mama yako alisahau ile supu ilitoka wapi. Kuku ilikuwa yangu.

Weye una diplôme, miye nina mikono. Mu secondaire, mwaka ya pili, professeur wa physique aliniambia: "Anaclet, toka inje, unanichanganya." Alikuwa anaogopa nafasi yake. Kama ningeendelea, leo weye ungekuwa unanibebea mufuko.

Sasa nitakupa ya mwisho, na hii ni siri ya kazi, sikutaka kuitoa. Kisha nisisikie unalia tena. Sababu iko mu motere, ile injini inazungusha. Motere yako ilikuwa na uvivu. Nilifungua chini, visi vine, zile skurubu, nikageuza nyaya mbili: ya nyekundu nikaweka mahali pa bluu, ya bluu mahali pa nyekundu. Courant ikabadilisha mawazo. Fungua, geuza tena, itaenda sawa ndege. Na kama ukifungua haukuone kitu, ni kwa sababu nyaya niliyoshika miye inakaaga muzuri sawa haijashikwa.

Ku parking niliwaambia barua yako ya vendredi ilikuwa ya kunipongeza. Usiniletee haya. Mara ingine andika muzuri, nisichoke kuruka.

Anaclet, Ingénieur en Chef


Komanda, tarehe 12 mwezi wa tatu 2024

Emerance mwanangu,

Ni miye mama Angèle, bibi ya noko yako. Guelord iko anakunywa chai, naandika haraka mbele Anaclet arudie.

Barua zako nimezisoma, zote, yeye anazifichaga chini ya gunia ya muchele na miye njo napikaga muchele. Usiamini kitu. Huyu mwanaume ata torche ikizima, ananipa miye nibadilishe piles. Lime hana. Mu soksi hana kitu, ata soksi yenyewe ni moja.

Kule parking wamemupa kiti. Kiti ya plastiki, ya bluu, ya kwake peke yake, mutu haikalie. Miaka makumi mbili anabeba mizigo ya watu pale, wanamuita "weye, leta ile gunia". Tangu barua yako ya kwanza wanasema "Ingénieur, karibu, ikala." Sasa unaelewa na nani unapigana.

Lakini nikuambie hii. Ile mardi alipotoka kwako alirudia hapa bila maneno. Anaclet, bila maneno! Nikamupa foufou, hakula. Nikamushika paji ya uso, nikawaza ni malaria. Kitu aligusa. Na kile kitu haiko mu barua zake.

Miye nimemuuliza, akaniambia nyamaza mwanamuke. Weye muulize vibaya zaidi.

Angèle


Bunia, tarehe 13 mwezi wa tatu 2024

Bwana Anaclet,

Juzi lundi nilifungua motere. Visi vinne. Nyaya ziko kama zilivyotoka kiwandani, zimeshikwa na gundi ngumu ambayo haijawahi kuguswa na mkono wa mtu. Madame Pétronille alinikuta tena. Safari hii hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, nikampa ufunguo wa kabati. Amesema hivi: kesho jeudi saa kumi ya jioni pompe itoe kumi mbele ya macho yake, la sivyo vendredi kwenye meza yangu atakaa Rémy, mwenzangu wa labo, na mimi nijue njia ya kwenda kwenye sinki.

Leo nimesaini déclaration. Nimeandika: "Mimi, Emerance, niliharibu pompe kwa uzembe wangu. Hakuna mtu mwingine aliyeigusa." Jina lako sikuliweka. Usidhani ni upendo. Madame angeniuliza ulifanya nini, na mimi sina la kumjibu. Kuandika jina la mtu bila kuandika alilolifanya ni umbea, na hapa tunaandika vitu vilivyopimwa.

Kwa hiyo umebaki ingénieur. Hakuna karatasi Bunia nzima inayokukanusha. Habari za kiti zimenifikia. Kikalie. Hiyo plastiki ndiyo bei ya miaka yangu mitano, basi uikalie vizuri isivunjike.

Barua hii isome kule parking. Yote. Leo hakuna jua, Guelord anasema kwenu kuna mawingu.

Na kama unachotaka kunijibu ni hadithi nyingine, usinijibu. Nimechoka kufungua vitu vizima kwa sababu ya maneno yako.

Emerance


Komanda, tarehe 14 mwezi wa tatu 2024, saa moja ya asubui

Emerance,

Guelord hazime pikipiki, anangojea hii karatasi. Nimemuambia ku barrière ya barabara aseme anabeba dawa ya mugonjwa.

Hii barua nimeianza mara tatu. Ya kwanza nilisema ni radi ilipiga pompe. Ya pili nilisema nilikuta mutu mu labo, anavaa koti nyeusi, nikapigana naye. Angèle amezipasua zote mbili mbele yangu na kuziweka mu mukaa. Hii ya tatu amesimama nyuma ya bega yangu anaisoma.

Fanya hivi. Ile bouton ya pembeni, yenye namba, inakudanganya. Inasema trois, lakini ndani haiko trois. Ivute kwa nguvu, inatoka, sawa bouton ya radio. Chini yake iko kachuma. Kale kachuma njo nilikageuza, upande wa kulegeza, sijui mara ngapi. Kisha nikarudisha bouton juu yake, trois ikiangalia juu, kwani niliikuta trois inaangalia juu. Donc vigurudumu havikamate tuyau, na maji inapita chini yake inarudia. Kaza kale kachuma polepole mpaka ukizima maji isishuke tena. Pima. Ikitoa kumi, rudisha bouton.

Tuyau sikubadilisha. Vigurudumu sikutoa. Nyaya ya motere sijui ata iko na rangi gani. Niligusa tu hiyo moja.

Mupe Madame yako hii karatasi iingie mu dossier, na ile déclaration yako waipasue, iko na uongo. Nimesaini na jina na kazi yangu ya kweli.

Anaclet, anaishi Komanda karibu na parking. Kazi: kupakiza na kushusha mizigo.

Kutoka hapa kwenda chini kata na mukasi. Hii haiko ya dossier.

Madame atauliza kwa nini mutu alilegeza kitu asichojua. Mwambie sikusema. Weye nakuambia, juu Angèle anasema nusu ya ukweli njo imekuvunja hii juma mbili.

Ulipotoka kwenda ku portail, nilitaka kujua gisi ile mashini inakamua. Mufuniko ya mbele ilikuwa wazi. Nikafinya ile ya kijani, ya kuwashia, ikaanza kuzunguka, na nikaweka kidole juu ya tuyau ku kusikia. Ikakikamata. Nisikudanganye, Emerance: haikuuma. Haikutoka ata damu. Ilikuwa inavuta polepole tu, sawa mutoto ya ngombe ikinyonya. Lakini sikujua mahali inazimikaga. Nikang'oa waya ya courant na muguu, ikasimama, kidole ingali ndani. Nikavuta bouton, ikabaki mu mukono yangu. Njo nikashika kale kachuma, nikageuza mpaka kidole kikatoka.

Mvua ilikuwa inapiga mabati, njo maana hakuna mutu alisikia. Ungekuwa karibu ungesikia. Sikuita fundi. Sikukuita weye. Miye, mwanaume wa miaka makumi tano na mbili, nilikuwa naita mama yangu, na sauti ya mutoto, kwa sababu ya mashini yenye ukubwa ya mukate.

Anaclet